Tairi la Nyumba ya Mama Mkwe

Mmeniuliza wengi mno, na wengine mmeanza kucheka kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo naandika mara moja, asome kila mtu, kisha tuachane na habari hii. Ndiyo, ni kweli nilivuta nyumba kwa pikapu kutoka Amani mpaka Lushoto. Ndiyo, ilikuwa na mapazia. Hapana, mama mkwe wangu hakuwa ndani wakati naivuta. Aliyewaambia hivyo pale sokoni ni mwongo, na namjua.

Niwape kwanza sababu, maana bila sababu mtaniona mwehu. Mke wangu Naomi anatoka Bungu, katika familia inayoshika mila kuliko wenye mila wenyewe. Kwao, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawaambiani neno moja kwa moja, na zaidi ya yote hawalali chini ya paa moja. Mchungaji alishawahi kumwambia mama kwamba hakuna andiko linalosema hivyo. Mama alimjibu kwamba mchungaji ana watoto wa kiume watupu, asubiri kwanza apate mkwe.

Sasa, mwanamke akijifungua, wa kumlea ni mama yake, siku arobaini. Mtoto wetu wa kwanza, miaka miwili iliyopita, aliishi siku tisa. Mama alikuja, lakini kwa kuwa hakuweza kulala kwangu, alijishikiza kwa mwanakwaya mmoja ng'ambo ya bonde, anakuja asubuhi, anaondoka jioni, kwa miguu, kwenye matope. Mtoto alizidiwa alfajiri, kabla mama hajafika. Daktari alisema hata angekuwepo nani isingesaidia, na mimi namwamini. Lakini Naomi hakuwa na mtu ila mimi, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba nimeshika taa, sijui nishike nini kingine.

Kwa hiyo alipobeba mimba tena alitaka jambo moja tu: mama yake alale karibu kiasi cha kusikia akiitwa. Nikaanza kujenga chumba uani, mvua ikala ukuta. Nikaanza upya, ikala tena. Zilipobaki wiki nne nikakumbuka karavani. Pale Amani, ambako nilikuwa nikipeleka karoti na kabichi, kulikuwa na mtafiti wa vipepeo aliyekuwa na nyumba ya bati yenye magurudumu mawili, kitanda, kabati na dirisha, ile wazungu wanayofunga nyuma ya gari wakienda kutembea. Alipostaafu akamwachia mlinzi wake, na mlinzi akawa anafugia mbuzi ndani. Nikapiga hesabu yangu: likiegeshwa uani kwangu, paa lake ni lake, si langu. Nilivyolipata ni habari ya makaratasi, tuiruke.

Amani hadi Muheza: kliniki

Mlinzi aliyapigapiga matairi kwa kiganja kama mtu anayeuza ng'ombe. "Tazama hizi kashata," akasema. Kashata ni yale meno ya tairi, na kweli yalikuwa yamesimama yote, hakuna hata moja lililolika. "Haya mapya. Hayajaenda popote miaka yote hii." Nikaona ni sifa. Kumbukeni maneno hayo, maana mimi sikuyatafakari hata kidogo.

Nikaanza kushuka kati ya mashamba ya chai, wachumaji wakinyanyua mikono, mbuzi mmoja akitufuata kwa masikitiko mpaka kwenye daraja kwa kuwa nilikuwa nimemchukulia chumba. Barabara ya msituni ina mashimo, kwa hiyo nilikwenda taratibu, na kwenda taratibu ndiko kulikoniponza. Kwenye kijiji cha kwanza nilikuta kina mama kama kumi na watano wamekaa kwenye nyasi na watoto. Waliponiona wakasimama wote, wakapanga foleni.

"Karibu daktari," akasema wa mbele, akaninyooshea kadi ya kliniki.

Nikamwambia mimi si daktari, mimi ni mkulima wa karoti. Akaitazama nyumba nyeupe yenye dirisha na pazia, akanitazama mimi, akaniambia kwa upole kwamba wamengoja tangu saa mbili na wametoka mbali. Nikafungua mlango waone. Ndani mlikuwa na harufu ya mbuzi na godoro. Mama mmoja wa nyuma akasema, "Si kitu, hata ile ya mwaka jana ilikuwa hivi hivi."

Kosa langu ni kwamba mizani ya kupimia viazi ilikuwa inaning'inia nyuma ya pikapu, na waliiona. Nawaambia ukweli mtupu: nilipima watoto watatu kwa mizani ya viazi, wamekaa ndani ya kitenge kilichofungwa kwenye ndoano, kabla kliniki yenyewe haijatokea kwenye kona na muuguzi mwenye hasira. Niliondoka bila kuaga vizuri. Wote watatu walikuwa na afya nzuri sana.

Muheza hadi Korogwe: pazia

Mtandao ulirudi nilipokaribia Muheza, na simu ikaanza kulia mfululizo kama imepagawa. Nilisimama kwa wauza machungwa nikasoma. Naomi alikuwa amejifungua asubuhi ile. Wiki tatu kabla ya siku zake. Jirani yetu ndiye aliyempeleka hospitali.

Nilimpigia. "Wa kike," akasema. "Mzima. Ananyonya."

Nilikaa juu ya gunia la machungwa la mtu, na mwenye gunia, mama mmoja mnene, hakunifukuza. Alinimenyea chungwa akanishikisha mkononi.

"Kesho saa nane mchana wananiruhusu," Naomi akaendelea. "Baba, usije bila mama."

Hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Nilimwambia saa nane nitakuwa mlangoni, mimi, mama, na nyumba ya mama. Nikala chungwa, nikalia kidogo, nikanunua gunia zima kwa kuwa niliona aibu.

Mama mkwe alikuwa ameshateremka kutoka Bungu, ananisubiri Korogwe kwa mdogo wake. Tulilala pale, yeye ndani, mimi ndani ya gari, na asubuhi tukaanza shughuli ya kumpandisha. Pikapu yangu ina kabini mbili, lakini hewa ni moja. Mdogo wake ndiye aliyetatua: akafunga kanga kutoka mlango mpaka mlango, nyuma ya viti vya mbele. Mama akaingia nyuma kwa heshima zake zote, na mzigo wa kuni kavu, unga, magadi, na kuku jike mwekundu wa supu ya mzazi. Mimi nilikuwa nimegeuka natazama ukuta, kama inavyotakiwa.

Kanga ilinizibia kioo cha katikati, kwa hiyo nilikuwa naendesha kwa vioo vya pembeni na kwa imani. Hapo ndipo nilipofahamu kuku yule alikuwa na kazi nyingine.

"Kuku," ikasema sauti nyuma ya pazia, "mwambie mwenye gari kwamba sisi tumekaa vizuri, anaweza kuondoka."

"Asante, kuku," nikajibu, nikaondoa gari.

Korogwe hadi Mombo: kishindo

Njia ya lami ile mnaijua, mkonge kulia, mkonge kushoto, imenyooka mpaka inaleta usingizi. Nilikuwa nafikiria jina la mtoto. Tulikuwa tumeanza kuziona nyumba za Mombo mbele yetu nikasikia kishindo, gari likavutwa kando kama limeshikwa mkia. Nikakanyaga breki kwa hatua, karavani likayumba huku na kule, kisha likatulia limeinama ukingoni mwa barabara.

Kisha nyuma ya pazia: "Kuku, ni la kushoto."

Nilishuka. Kweli lilikuwa la kushoto, limechanika lote, limebaki matambara. Nilijiuliza amejuaje akiwa nyuma ya kanga, lakini sikujiuliza kwa muda mrefu. Ilikuwa saa tatu kasoro. Nilikuwa na saa tano nzima, na Lushoto haiko mbali. Tukajikokota mpaka kwa fundi wa matairi aliyeko mwanzo wa mji, chini ya mti wa mwarobaini.

Mombo: viatu

Fundi anaitwa Athumani, mtu mwembamba wa makamo, ana miwani iliyofungwa kwa waya. Alisalimia kwanza upande wa pazia, "Shikamoo mama," akapokea "Marahaba" yake, ndipo akanigeukia mimi. Alichuchumaa mbele ya yale matambara akayakunja kwa vidole.

"Ona," akasema. Mpira ulikuwa na nyufa nyembamba ubavuni, zimejaa kama mikunjo ya mkono wa mzee. "Hili halikufa kwa kutembea, bosi. Limekufa kwa kusimama. Tairi likikaa mahali pamoja miaka, linaoza huku limependeza. Hili la kulia lilibadilishwa baadaye, ni zima. Hilo jingine walikuuzia maiti."

Nikamwambia basi anipe jingine. Akaniambia analo moja tu la kuingia kwenye rimu ile, lakini ni la taksi. Namba za upana na urefu ni zilezile. "Ila mlimani, na jumba hili... mimi sikushauri. Wewe ndiye mwenye gari."

Wakati huo mama alikuwa ameshuka. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha karavani, mgongo kwetu, kuku magotini. Akakohoa.

"Kuku wangu," akasema kwa sauti ya kufika mbali, "ajabu hii. Naona mtu anataka kubeba magunia na viatu vya harusini."

Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa vile viatu vyangu vyeusi vya kuchongoka, kwa kuwa nilikuwa nakwenda kumchukua mke wangu hospitali na nilitaka nionekane baba. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mkwe mzima, najishaua na viatu mbele ya mama mtu wakati kuna kazi ya mikono. Nikavivua palepale, nikavaa ndala, nikakunja suruali.

Athumani alinitazama miguu, akamtazama mama. "Bosi," akasema, "nadhani mama alikuwa anasema—"

"Namwelewa mama yangu, Athumani. Funga tairi."

Akafunga. Mama akakohoa tena, mara mbili. Nikadhani ni vumbi, nikamwagiza kuku amkaribishe maji ya kunywa.

Mombo hadi kona ya pili: kinyumenyume

Mlima ulianza na tairi likaanza. Kwenye kona ya kwanza nilisikia harufu ya mpira. Kwenye kona ya pili, mama mmoja aliyekuwa anauza mapeasi kwenye beseni akasimama, akanyoosha kidole nyuma yangu. "Baba we! Nyumba yako inachechemea!"

Niliposhuka, tairi la taksi lilikuwa limelala chini ya uzito kama andazi lililokaliwa, ubavu umevimba pembeni na umeanza kutoa moshi. Mbele mlima, nyuma korongo, kulia lori la kabichi linashuka linapiga honi, kushoto mwenye mapeasi anayenipa pole na kunitajia bei kwa pumzi moja. Hakuna mahali pa kugeuza. Kilichobaki ni kurudi kinyumenyume mpaka kwenye uwazi wa chini.

Ambaye hajarudisha nyuma gari lenye kitu kinachovutwa asinicheke. Ukikata usukani kulia, jumba linakwenda kushoto. Ukilifuata, linakukunjia. Mara ya kwanza nililielekeza kwenye mtaro. Mara ya pili nililielekeza kwa mwenye mapeasi, akahama na beseni lake. Madereva wa malori walishuka wote kunisaidia, na kila mmoja alikuwa na upande wake.

Ndipo nikasikia kanga inavutwa. Mama alishuka, akalifungua lile pazia lote, akalipunga hewani barabarani kama bendera, na malori yakasimama juu na chini. Alisimama pembeni ya kioo changu, uso ameuelekeza mlimani, kuku kwapani.

"Kuku, usukani kushoto. Kidogo. Kidogo nimesema! Sasa nyoosha. Nyoosha, kuku. Rudi. Rudi. Kulia nusu. Simama hapo."

Nilimtii kuku neno kwa neno. Jumba likaingia kwenye uwazi kama limezaliwa pale. Madereva wakapiga makofi, mmoja akauliza mama huyu ni wa kampuni gani. Mama akarudi kwenye gari, akafunga kanga yake upya. Mimi nilikuwa nimelowa jasho, na kichwani kulikuwa na swali lililokuwa linaanza kuchipua, lakini saa zilikuwa zinakwenda. Ilikuwa saa tano na nusu.

Mombo hadi Korogwe tena: kunawa

Tulilishusha karavani mpaka kwa Athumani tukiwa tunatambaa. Sasa akasema bila kunibembeleza: nenda Korogwe, kuna duka la spea la mzee mmoja karibu na stendi, chukua rimu hii uende nayo ili usikosee.

Rimu ile, hata hivyo, mama alikuwa ameilaza chini, ametandika kitambaa juu yake, amekaa. Ndiyo kilikuwa kiti pekee kivulini. Nilizunguka mara mbili. Niambieni nyinyi mlioolewa na kuoa: unamwambiaje mama mkwe wako ainuke uichukue rimu aliyoikalia? Hata kwa kuku haisemeki. Nikachukua kalamu, nikanakili namba kutoka kwenye matambara ya lile tairi lililokufa, nikaziandika kiganjani, tarakimu zote na herufi, nikaondoka peke yangu.

Mwenye duka la Korogwe alikuwa amekaa mbele ya sinia. Mzee wa kanzu, ndevu nyeupe, sauti ya chini. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza ya nyumbani, ya mashamba, ya mvua, na kabla sijataja tairi akasema, "Chakula kwanza." Kulikuwa na bada, ule ugali wa muhogo, na mchicha wa nazi na dagaa. Sikuwa nimekula tangu chungwa la Muheza. Mjukuu wake akaleta birika na beseni, nikanyoosha mikono, nikanawa vizuri kwa sabuni kama nilivyofundishwa na mama yangu, nikala tonge tatu, ndipo nikakumbuka.

Kiganja kilikuwa cheupe kabisa.

"Nini?" akauliza mzee.

Nikamwonyesha kiganja. Nikamweleza. Alicheka mpaka akalazimika kuweka tonge chini. Namba mbili nilizikumbuka, lakini kulikuwa na kitu kingine mwishoni, na yeye akasema hicho cha mwisho ndicho chenyewe, kwa sababu matairi mawili yanaweza kuwa na umbo moja na nguvu tofauti. Ilinibidi nimpigie Athumani.

Athumani akaweka simu sauti kubwa, nami yangu vilevile. Nilisikia akimwambia mama, kwa adabu, kwamba bosi amenawa mikono, namba zimefutika. Kisha sauti ninayoijua:

"Kuku, mwambie Athumani amwambie mwenye duka hivi. Anataka la gari la mzigo, plai nane, yaani tabaka nane za nyuzi, si pungufu. Herufi mwishoni iwe ile ya mzigo. Kisha apanguse ubavuni atafute tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Likiwa limekaa stoo miaka mingi alirudishe, hata kama linang'aa. Na asikubali kuambiwa kwamba yote ni sawa."

Mzee wa duka aliacha kula. "Huyo ni dereva?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Haki ya Mungu." Akanawa, akainuka mwenyewe.

Athumani akazima sauti kubwa, akashusha sauti yake. "Bosi, hukujua? Marehemu mume wake aliendesha lori la mkonge miaka na miaka. Utingo alikuwa yeye, kabla watoto hawajaanza kuzaliwa. Ameninyoosha hapa tangu asubuhi. Lile tairi la taksi alilikataa mbele ya macho yako. Alikwambia viatu vya harusini havibebi magunia. Ukaenda kubadili viatu."

Nilikuwa bado nimevaa ndala. Nilizitazama, mzee naye akazitazama.

Tairi tulilipata mara ya tatu, mwishoni mwa stoo, nyuma ya betri. La kwanza lilikuwa na plai pungufu. La pili lilikuwa zuri kama keki, lakini mzee alilipangusa, akasoma mwaka, akalirudisha. La tatu alilibonyeza, akalinusa, akalidundisha sakafuni. "Hili ndilo la mama," akasema.

Mombo hadi Lushoto: mlima

Nilirudi Mombo saa tisa kasoro. Saa nane ilikuwa imepita mimi nikiwa kwenye mkonge. Naomi aliniandikia maneno mawili tu: *Niko benchi.* Nilimwona kabisa, na kifurushi chake, anatazama lango, anawaza kwamba imekuwa tena kama mara ile. Nilijichukia barabara nzima.

Athumani alipolifunga tairi, mama alisimama hatua tatu kutoka pale, mgongo kwangu. Alimwambia kuku nati zikazwe kwa kupishana, ya juu kisha ya chini, si kwa kufuatana. Athumani akasema, "Ndiyo, mama," na mimi nikasema, "Ndiyo, mama," kisha nikashtuka kwamba nimemjibu yeye na si kuku. Hakugeuka. Ila aliingia kwenye gari upesi kidogo.

Na jumba likapanda. Kona ya kwanza, kona ya pili, mwenye mapeasi akapiga vigelegele. Pale Soni baridi ikatupokea, maporomoko yanaunguruma chini, nami nikafungua dirisha kusikiliza tairi. Halikulia hata mara moja.

Tulifika hospitali saa kumi na moja. Naomi alikuwa peke yake kwenye lile benchi, mtoto kifuani, amejifunga vitenge viwili. Aliponiona nashuka peke yangu uso wake ulianguka. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka. Sitaeleza. Niligeukia ukuta, kwa heshima ya mama na kwa sababu ya macho yangu.

Nyumbani: mto

Uani kwangu karavani liliingia likabakiza nafasi ya mkono mmoja. Nililiwekea mawe chini likasimama sawa, nikafagia mavi ya mbuzi ya mwisho, nikatandika shuka mpya, nikafunga pazia la maua. Kisha nikasimama kando nimefungua mlango, najisikia mtu mkubwa. Siku mbili, matairi matatu, na hatimaye mama ana paa lake, hatua kumi na mbili kutoka kwa binti yake.

Mama alikuja na mjukuu mikononi. Akachungulia. Akabonyeza godoro kwa kiganja, akagusa ukuta wa bati, akatazama dari. Kuku alikuwa ameshafungwa jikoni, kwa hiyo alimwambia mtoto.

"Mjukuu wangu, kitanda kizuri sana hiki. Baba yako atalala vizuri."

Akageuka, akaingia nyumbani kwangu. Nilibaki na mlango mkononi. Muda si mrefu akatoka na mto wangu na blanketi langu la kijivu, akaviweka kwenye kidaraja cha kupandia karavani, akarudi ndani, akafunga mlango.

Nilisimama pale kama mjinga. Miaka yote hiyo, mimi, Naomi, mchungaji, mwanakwaya wa ng'ambo ya bonde, wote tulijua kwamba tusilale chini ya paa moja, na wote tukachukulia kwamba wa kuondoka ni yeye. Hakuna aliyewahi kusema hivyo. Mila haisemi nani atoke.

Kesho yake asubuhi mama alipokwenda kisimani nikaingia kumwona Naomi. Alikuwa anakunywa supu. Nilimwambia nililokuwa nimeliwaza usiku kucha juu ya godoro la mtafiti: kwamba mara ile ya kwanza haikuhitaji karavani, wala tairi, wala chumba cha uani. Ningechukua mkeka wangu nikalale kwa jirani. Mama angekuwa humu. Kitu kidogo kiasi hicho, na hakuna hata mmoja wetu aliyekiona.

Naomi aliweka bakuli chini.

"Mimi nilikiona," akasema. "Tangu siku ya pili."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambieje? Mwanamke gani anamwambia mume wake atoke nyumbani kwake?"

Hakulisema kwa ubaya. Alimhamisha mtoto bega, akampigapiga mgongoni mpaka akacheua. Mimi nilitoka nikakaa kwenye kidaraja cha bati, na sikwenda shambani siku ile.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Arobaini imeisha wiki iliyopita. Mama hajasema lolote kuhusu Bungu, na hakuna aliyemuuliza. Mkija, pigeni hodi kwenye bati, si kwenye mlango mkubwa. Mimi bado nalala nje, yeye bado yuko ndani, na leo mtoto ana siku arobaini na saba.